Nimekataliwa uthibitisho mara 4 kwenye akaunti ya akiba na hela yangu ishaingia, nifanyeje?

Mchovu_wa_Foleni

Wakuu habari zenu, naomba nitoe dukuduku halafu mnishauri maana hapa nilipo kichwa kinagonga.

Nilitaka kufungua akaunti ya akiba, ile ya kawaida tu ya kuweka kidogo kidogo usiguse. Riba yao niliipenda na tangazo linasema dakika 5 umemaliza. Na kweli kujaza nilimaliza ndani ya dakika 5, jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, kazi, chanzo cha mapato, nikapiga picha pasipoti, nikapiga na ile selfi ya kugeuza kichwa kushoto kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, wakanipa namba ya akaunti palepale na ujumbe "weka kiasi cha kuanzia". Nikaweka. Ikaingia sekunde ileile, hakuna aliyeuliza mimi nani.

Kesho yake nafungua apu nakuta "uthibitisho haujakamilika, taarifa hazilingani" na kitufe cha kutoa hela kimekuwa kijivu. Kuingiza unaweza, kutoa ndo huwezi. Yaani wakati wa kupokea nilikuwa mteja wao mpendwa, wakati wa kutoa nimekuwa mtu wasiyemjua.

Mara ya pili nikasema labda mwanga, nikaenda dirishani. Mara ya tatu nikatoa pasipoti kwenye kava lake. Mara ya nne nikamwita mdogo wangu anishikie simu nisitetemeke. Jibu ni lilelile neno kwa neno, taarifa hazilingani. Zipi? Na nini? Hawasemi.

Sasa njooni huduma kwa wateja. Napiga, napewa muziki, unakatika katikati nadhani kapokea mtu kumbe wananiambia simu yangu ni muhimu sana kwao, muziki unarudi. Baada ya dakika kama 40 anapokea dada mmoja ana sauti nzuri tu, anasema kabla ya kuendelea naomba nikuthibitishe. Nikajibu maswali yote. Akasema samahani siwezi kujadili akaunti hii kwa kuwa bado haijathibitishwa. Nikamwambia dada yangu hicho ndo kilichonipigisha simu. Kimya. Halafu "je, kuna lingine ninaloweza kukusaidia?" Lingine lipi wakati la kwanza hatujalianza!

Nikaandika barua pepe. Siku 3 baadaye napata jibu kwamba tiketi yangu imefungwa kwa kuwa tatizo limetatuliwa. Nikaenda mbio kwenye apu kwa furaha, kitufe bado kijivu.

Kuna yeyote aliyepitia hili akatoboa? Na je wana haki ya kukaa na hela yangu namna hii? Maana nikijua naweza kuirudisha nilikoitoa naachana nao leo leo.

nipo_tu

Pole mkuu. Hapo kwenye "je kuna lingine" nimecheka peke yangu kwenye gari watu wakanigeukia. Sina msaada, nimekaa mbele nasubiri wajuzi.

Mpita_Njia77

Hizo ni mashine zao hazitambui sura za watu weusi, zimefundishwa na picha za wazungu. Hata ukipiga selfi mara 100 utakwama tu. Futa apu, tafuta benki nyingine, maisha yaendelee.

Kobe_Mzee

Mleta mada pole sana. Nimekaa miaka kadhaa dawati la nyuma la uthibitisho, sio benki hiyo, ila kazi ni zilezile kila mahali, kwahiyo ngoja nikueleze kinachotokea ukishabonyeza "tuma", maana ukijua unapokwama utajua pa kusukuma.

Kwanza tofautisha vitu viwili. Kuna sura yako na picha ya pasipoti, hapo mashine inauliza ni mtu mmoja? Halafu kuna maandishi uliyojaza na maandishi ya kwenye pasipoti, hapo inauliza ni yaleyale? Ukikwama kwenye sura mara nyingi ujumbe unataja picha au selfi, mfano "picha haionekani vizuri" au "jaribu tena sehemu yenye mwanga". "Taarifa hazilingani" inanuka maandishi. Wewe umehangaika na dirisha na kava na mdogo wako, na inawezekana kabisa selfi yako ilipita siku ya kwanza.

Sasa maandishi wanasoma wapi? Fungua pasipoti ukurasa wa picha, angalia chini kabisa, kuna mistari 2 ya herufi kubwa imejaa vialama kama <<<<<. Kila mstari una nafasi 44. Hiyo imewekwa kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndo maana pasipoti ya nchi yoyote inasomeka uwanja wowote wa ndege. Mashine za benki nazo zinapenda kusoma hapo kuliko juu.

Mstari wa pili una akili. Namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha, kila moja ina tarakimu yake ya ukaguzi pembeni, inapatikana kwa kuzidisha kila kilichoandikwa kwa 7, 3, 1 kwa zamu, unajumlisha, unachukua baki ya kugawa kwa 10. Kwahiyo kamera ikisoma 8 badala ya B mara nyingi hesabu inagoma na mashine inajijua yenyewe kwamba imekosea. Lakini mstari wa kwanza, wa jina, HAUNA tarakimu ya ukaguzi. Jina likisomwa vibaya mashine haina namna ya kujishtukia, inaona jina ililosoma yenyewe liko sawa, lako ndo lina kasoro. Lawama zote kwako.

Nikuulize swali moja tu. Jina lako lina alama yoyote? Kistari, nukta, ritifaa? Au una majina marefu sana? Usiandike jina lenyewe hapa, sema tu kama lina alama.

Mchovu_wa_Foleni

Kobe mzee wangu, jina langu la ukoo linaanza na Ng' na ile alama yake juu. Usiniambie.

Kobe_Mzee

Haya sasa. Nenda kaangalie mstari wa kwanza chini ya pasipoti halafu rudi.

Mchovu_wa_Foleni

Nimeangalia. Juu jina limeandikwa Ng' vizuri na alama yake. Chini wameandika NG halafu jina linaendelea moja kwa moja, alama haipo kabisa!! Pasipoti hii nimekaa nayo miaka yote hii sijawahi kuona.

Kobe_Mzee

Haipo kwa sababu viwango vyenyewe vinasema ritifaa idondoshwe, pale chini zinaruhusiwa herufi A mpaka Z, tarakimu, na kile kialama < tu basi. Kistari ndo kinageuzwa kuwa <, ila ritifaa inatupwa. Kwahiyo uhamiaji hawajakosea, na wewe hujakosea.

Aliyekosea ni aliyetengeneza mfumo wa hiyo benki. Mfumo uliofikiriwa vizuri unaondoa alama pande zote mbili kabla ya kulinganisha, wa kwenu inaonekana unalinganisha herufi kwa herufi kama mwalimu mkali wa imla. Na kuna balaa la juu ya balaa, simu nyingi ukiandika ritifaa zenyewe zinaigeuza kuwa ile iliyopinda, ’ badala ya '. Wewe kwa macho unaona kitu kimoja, kompyuta inaona vitu viwili tofauti kabisa. Kwahiyo hata mahali wanapokubali ritifaa unaweza ukakataliwa na bado usijue kwanini.

Jaribu kurekebisha jina kwenye apu uandike bila alama, kama lilivyo pale chini.

Mchovu_wa_Foleni

Sehemu ya jina imefungwa, huwezi kugusa baada ya kutuma. Inasema "kubadilisha jina wasiliana na huduma kwa wateja". Nimecheka kicheko cha uchungu.

Dada_Hesabu

Naongezea kwa mleta mada na wengine watakaopita hapa, maana yangu ilikuwa tofauti kidogo ila mateso ni yaleyale.

Mimi majina yangu ni ya kawaida mno, ukiita sokoni wanageuka watu 10. Nilifungua akaunti, kila kitu kikapita, siku ya pili ikasimama, nikauliza kwanini nikaambiwa "hatuwezi kutoa sababu". Wiki 3! Nilidhani nimefanya kosa la jinai bila kujua, nikaanza kukumbuka kila hela niliyowahi kumtumia mtu. Baadaye mtu mmoja wa tawini akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jina limefanana na la mtu kwenye orodha za vikwazo, yaani za watu ambao benki zimekatazwa kuwahudumia. Benki zinalazimika kupitisha kila jina kwenye hizo orodha, kuna za nchi na kuna ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ile iliyoanzia kwenye azimio 1267 la mwaka 1999. Na mfumo hautafuti jina lilelile tu, unatafuta na yanayokaribiana, Mohamed, Muhammad, Mohammed yote unayahesabu ni mtu mmoja. Kwahiyo fikiria ni watu wangapi duniani wana hilo jina na kila mmoja anasimamishwa mlangoni aelezwe "tunakagua".

Kilichoniokoa ni tarehe ya kuzaliwa. Huyo mwenzangu wa kwenye orodha alikuwa mwanaume na amenizidi miaka 20 na zaidi. Mtu mwenye macho akakaa dakika 2 akaona. Wiki 3 za kusubiri dakika 2!

Kobe_Mzee

Dada umeeleza vizuri. Na hilo la "hatuwezi kutoa sababu" nalifafanua kidogo maana linakera watu kuliko yote. Kuna sheria ya kweli nyuma yake. FATF, kile chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha kilichoanzishwa na nchi za G7 mwaka 1989, kinataka mfanyakazi wa benki asimwambie mteja kwamba ametolewa taarifa ya kushukiwa. Ukimwambia umemshtua mhalifu. Sawa, ina mantiki.

Tatizo ni kwamba hiyo sheria imegeuzwa mwavuli. Mtu wa simu amekatazwa kusema jambo MOJA, wakubwa wake wakaona rahisi wamkataze yote. Kumwambia mteja "jina ulilojaza lina alama ambayo haipo kwenye pasipoti" hakuna sheria yoyote inayokataza hilo. Na mara nyingi yule dada wa simu hata haoni sababu, skrini yake inamuonyesha rangi nyekundu na neno "imesitishwa", basi. Mnamgombeza mtu ambaye naye kafichwa.

Mpita_Njia77

Kwahiyo mnanikataa kuhusu sura? Hizo mashine ni za kibaguzi, utafiti upo.

Fundi_Lenzi

Upo mkuu, ila usome umesema nini. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi mwaka 2019 na kweli ikakuta tofauti kubwa, kosa la kudhani watu 2 ni mtu mmoja lilikuwa mara 10 hadi 100 zaidi kwa nyuso za Waafrika na Waasia ukilinganisha na wazungu kwenye baadhi ya programu. Sasa ona lilivyo, hilo ni kosa la KUMPITISHA mtu ambaye sio wewe. Kwenye akaunti maana yake mtu mwingine anaweza kupita na pasipoti yako, ambalo kwangu linatisha zaidi ya kukataliwa. Kosa la pili, la kukukataa wewe halisi, nalo lipo ila linategemea sana picha imepigwaje.

Na hapo kwenye picha ndo watu wanajiumiza. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi ukikaa na dirisha MGONGONI kamera inapunguza mwanga, uso unakuwa kivuli kitupu. Kaa ulitazame dirisha. Fleshi izime unapopiga pasipoti, ile plastiki inarudisha mwanga na kufuta nusu ya herufi. Usipige skrini, usitume picha iliyopitia WhatsApp maana inabanwa na mifumo mingine inaikataa. Futa lenzi na shati kwanza, nasema kwa dhati, nusu ya simu ninazoletewa "kamera mbovu" ni mafuta ya vidole.

Mama_Wawili

Nyie mna shida za majina, mie niliulizwa uthibitisho wa makazi. Bili ya umeme isiyozidi miezi 3 yenye jina langu. Nyumba ya kupanga, bili ina jina la mwenye nyumba. Maji jina la mwenye nyumba. Nikawapa mkataba wa pango wakasema haujapigwa muhuri. Nikaleta stetimenti ya benki nyingine, wakasema sawa ila anwani iliyopo ni ya zamani. Nikaenda benki hiyo nyingine kubadilisha anwani, wakaniomba UTHIBITISHO WA MAKAZI.

Nikakaa kwenye kiti pale nikanywa maji kwanza.

Dada_Hesabu

Mama wawili umenimaliza 😂

Kobe_Mzee

Mama Wawili uliza kama wana akaunti ya ngazi ya chini. Sehemu nyingi zipo, unafungua kwa kitambulisho tu ila kiasi cha kuweka na kutoa kina kikomo, ukileta karatasi baadaye wanakupandisha. FATF wenyewe kwenye mwongozo wao wa 2013 kuhusu kufikishia watu huduma za fedha wanakubali masharti mepesi pale hatari inapokuwa ndogo. Ila mtu wa kaunta hatakutajia asipoulizwa.

Mleta mada, kuhusu hela yako. Benki ikishindwa kukuthibitisha haitakiwi kuendelea na wewe kama mteja, hiyo ndo kanuni ya jumla. Kwahiyo una njia 2. Ama uombe kwa maandishi wairudishe kwenye akaunti ileile iliyotokea, ama ulazimishe binadamu akague. Mimi ningeanza na binadamu. Nenda tawini na pasipoti yenyewe mkononi, usiseme "nimekataliwa", sema "jina kwenye fomu lina ritifaa, mstari wa chini wa pasipoti hauna, naomba ukaguzi wa mkono na marekebisho ya jina". Sentensi hiyohiyo. Wakikuambia subiri, omba namba ya malalamiko, SIO namba ya tiketi. Tiketi inaweza kujifunga yenyewe ukikaa kimya, malalamiko rasmi mara nyingi yana muda wa kujibiwa na yakipita unaweza kwenda kwa msimamizi wa mabenki wa nchi yako.

Na kwa anayesema futa apu uondoke, kufuta apu hakufuti kitu. Kumbukumbu za mteja wanatakiwa kukaa nazo si chini ya miaka 5 baada ya uhusiano kuisha. Picha ya pasipoti yako na selfi yako ya kuvuka barabara zitabaki kwao, bora basi zibaki huko ukiwa na akaunti.

Mchovu_wa_Foleni

Asante sana mzee. Kesho naenda. Halafu kuna jambo, jana nililalamika pia kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, ndani ya dakika 2 kuna akaunti yenye nembo yao imenifuata inboksi, imenipa pole nyingi sana, inasema itaniharakishia, inataka namba ya simu na ile namba ya siri itakayoingia kwa meseji. Nitume?

Dada_Hesabu

USITUME

Fundi_Lenzi

Usitume mkuu!! Benki yenyewe imekujibu kwa siku 3, huyu dakika 2, hapo tu ujue sio wao. Hao wanakaa kwenye kurasa za benki wanasubiri mtu mwenye hasira. Ukimpa ile namba anaingia kwenye apu yako yeye.

nipo_tu

Ndo huduma nzuri pekee uliyopata wiki nzima na ni ya mwizi. Dunia hii.

Mchovu_wa_Foleni

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Nimeenda tawini nikasema ile sentensi ya Kobe kama ilivyo. Kaka wa kaunta akaniangalia kama nimemsemesha lugha nyingine, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mama mmoja wa makamo amevaa miwani kwenye mnyororo. Mama akachukua pasipoti, akaiinamisha kidogo chini ya taa, akapitisha kucha kwenye ule mstari wa kwanza herufi moja moja, akafika kwenye NG akasimama. Akasema "mwanangu, wa Ng' wote mnaletwa kwangu". Akaandika kitu, akapiga muhuri wa kielektroniki sijui, dakika 6 nimeangalia saa. Kitufe cha kutoa kikawa kijani nikiwa bado nimekaa kwenye kiti. Nikatoa kiasi kidogo nikakirudisha, kuhakikisha tu.

Nikamuuliza sasa mama kwanini msiwaambie watu wa simu. Akasema amewaandikia. Mara ngapi? Akacheka.

Sasa kituko. Jioni imeingia barua pepe ya kunikaribisha rasmi kama mteja aliyethibitishwa, na inaanza hivi: "Ndugu NG&amp;#39;" halafu jina langu linafuata. Hiyo &amp;#39; imekaa katikati ya jina la babu yangu. Nahisi mama kairudisha ritifaa kwa mkono ili jina langu liwe sahihi, mfumo ukaitapika. Na chini yake "tafadhali hakiki kwamba taarifa zako zote ziko sahihi".

Niripoti au?

Kobe_Mzee

Kaa kimya kabisa.